Rangi ya Kuanzia

Nyangwine hakuipenda kabisa ile rangi ya kijivu. Alikaa mbele ya kompyuta, mtu mzima, katibu wa umoja wa wachimbaji, mwenye gari na kitambi cha kulitangulia gari, akakunja uso kama aliyewekewa uji wa jana.

"Sasa hii rangi ya wagonjwa umeitoa wapi, binti?"

"Ni rangi ya kuanzia, mzee," Ikram akasema, akimwonyesha orodha ya maduara, yale mashimo ya dhahabu. "Mkiingiza duara jipya kwenye tovuti, kabla mkaguzi hajalipitia, linakaa kijivu na linaandikwa Halijakaguliwa. Akishapita ndipo mnachagua wenyewe. Kijani ni salama, nyekundu limefungwa."

"Na tusipochagua?"

"Linabaki kijivu."

"Basi hapo ndipo siafiki." Nyangwine akaegemea nyuma, kiti kikalia. "Mkaguzi mwenyewe anakuja siku akijisikia. Wiki ijayo nina wageni wakubwa, wanunuzi wa dhahabu, watu wa kutoka mbali. Wafungue tovuti wakute mlima mzima una rangi ya majivu? Weka kijani. Mkaguzi akikataa duara, tutabadilisha. Kwani shida iko wapi?"

Shida Ikram aliijua, na jibu alikuwa nalo mdomoni. Katika yote aliyosoma alipokuwa akijifunza kazi hii, hakuna ushauri uliorudiwa kwa wanaoanza kama huu: kitu ambacho mtumiaji hakukichagua kisisemwe kwa niaba yake. Kama hajachagua, bloku, kile kipande cha ukurasa anachokijaza, iseme hajachagua, hata kama sura yake itakuwa mbaya. Alikuwa amejifunza hilo kwa tabu, usiku na mchana, kwenye simu iliyopasuka kioo kabla ya kupata kompyuta, na angeweza kulieleza akiwa amefumba macho.

Hakulieleza. Alimtazama Nyangwine, akaitazama kazi aliyoililia kwa muda mrefu, akavuta kompyuta upande wake. Akafuta neno moja, akaandika jingine. Mlima wote ukawa wa kijani, ukapendeza kweli.

"Umeona sasa?" Nyangwine akacheka. "Hii ndiyo Serengeti."

Ni neno moja tu, Ikram alijiambia akishuka ngazi za ofisi ile. Wageni wakishaondoka nalirudisha.

Ikram alikuwa binti wa Shaaban, fundi cherehani wa Mugumu, ambaye baba yake alikuja na cherehani yake kutoka pwani, akaoa, akazeeka, akazikwa hapohapo. Shaaban naye alikwishafariki. Mjane wake, Bi Maua, ndiye aliyebaki na cherehani, na Ikram alifungua kibanda ubavuni mwa kile cha mama yake, akawa anatoa nakala, anapiga picha za pasipoti, anapaka vyeti vya watu plastiki. Hiyo ndiyo kazi waliyomjua nayo. Kwamba alikuwa pia anatengeneza tovuti, wachache walilijua, na waliolijua walidhani ni mchezo wa msichana aliyechelewa kuolewa. Alikuwa ametengeneza tovuti ya kwaya moja na ya duka la mbegu, basi. Kwa hiyo dhahabu ilipoonekana kwenye mlima ule wa nyuma ya Kenyamonta, na watu wakamiminika kutoka Geita, Kahama na hata ng'ambo ya Sirari, na mashamba ya mtama yakageuka mji wa maturubai, Ikram aliona mlango wake umefunguka.

Umoja wa wachimbaji ulitaka tovuti, kwa kuwa umoja mwingine kule Tarime ulikuwa nayo. Hawakuwa na sababu nyingine. Ni Ikram aliyewapa sababu. Alikwenda mlimani akaona wageni wanavyofika asubuhi na sururu begani, hawajui duara lipi limeshikwa na magogo imara na lipi linasubiri mtu wa kumla. Akasema nitawawekea ukurasa wenye kila duara, jina lake na hali yake, na runinga pale getini iuonyeshe kutwa nzima.

Kihariri cha tovuti, ile sehemu ya ndani ambamo mwenye tovuti huandikia, kina bloku zake za kawaida: ya maneno, ya picha, ya kichwa cha habari. Unazipanga moja juu ya nyingine kama fundi anavyopanga tofali. Lakini bloku ya duara la dhahabu haimo. Waliokitengeneza kihariri kile huko kwao hawajawahi kuchungulia duara. Hiyo ikabidi Ikram aifyatue mwenyewe. Akaipa sehemu ya jina, sehemu ya mmiliki na sehemu ya rangi. Ilimchukua muda, ilimkosesha usingizi, na siku ilipokubali kukaa kwenye ukurasa bila kuleta manung'uniko alikwenda kwa mama yake akamkumbatia, cherehani ikiwa bado inazunguka.

Basi wageni wa Nyangwine walikuja, wakala nyama, wakaitazama runinga ndani ya kizimba chake cha nondo, wakapiga makofi. Mmoja wao alisema hajaona kitu kama kile hata mijini. Ikram alivikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu, naye akakivaa kwa furaha. Chini kabisa ya ukurasa alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: Imetengenezwa na Ikram Shaaban, Mugumu. Wageni wakaondoka, na lile neno moja halikurudishwa. Hakulisahau. Kila alipolikumbuka aliona uso wa Nyangwine na ule mkunjo wake, akasema kesho.

Karani wa ofisi ya mlimani alikuwa mwanamke wa Mbalibali aliyeitwa Nyangi. Mpole, mwandiko mzuri, lakini kompyuta aliigusa kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Ikram alikaa naye kutwa mbili tatu akamfundisha.

"Usiguse usichokijua," alimwambia. "Chagua bloku ya duara, andika jina, andika mmiliki, hifadhi, toka. Rangi usiihangaikie mpaka katibu akuletee neno la mkaguzi."

"Na ikinigomea, dada? Jana imeniletea maandishi mekundu, inasema ndani kuna kitu ambacho haikukitarajia."

Hilo nalo lilikuwa kosa la Ikram mwenyewe. Alikuwa ameibadilisha bloku kidogo baada ya watu kuanza kuitumia, na bloku za zamani zikawa hazijitambui tena. Wanaoanza huonywa: ukibadilisha bloku, ziandalie za zamani njia ya kuvuka. Lakini kuandaa njia hiyo ni kazi ya kuchosha, na Ikram alikuwa na haraka ya kurudi Mugumu.

"Ikikugomea, ifute yote uanze na mpya," akasema. "Bloku mpya haina kinyongo."

Nyangi alicheka, akalirudia neno lile polepole ili lisimtoke.

Wakati huo Ashrafu, mdogo wake Ikram, alikuwa ameanza kuuota mlima. Ashrafu alikuwa fundi wa pampu, kijana wa mikono myepesi na maneno mengi, na kule mlimani maji yalikuwa yakijaa maduarani kila mvua inaponyesha, wenye maduara wakilia kutafuta fundi. Bi Maua hakutaka kulisikia hilo. Alisema amezika mume na hana nguvu ya kuzika mwingine. Alisema hivyo kila jioni, na kila jioni Ashrafu alimjibu kwa mzaha, mpaka mzaha ukaisha na nyumba ikawa haina maongezi.

Ni Ikram aliyemlainisha mama. Alikaa naye mkekani, akatoa simu, akamwonyesha ukurasa.

"Tazama, mama. Kila duara la mlima ule liko hapa. Hili jekundu, hata umpe mtu mlima mzima asishuke. Hili la kijani, salama. Ukurasa huu nimeutengeneza mimi mwanao, si mtu wa barabarani."

Bi Maua aliishika simu ile kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Hakuwa msomaji mzuri lakini rangi alizijua. Maisha yake yote yalikuwa vitambaa na nyuzi.

"Aende," akasema hatimaye. "Lakini kwa sharti. Ashrafu, hushuki shimo lolote kabla hujampigia dada yako. Na wewe Ikram, akikupigia, unaacha chochote unachofanya. Nakukabidhi mtoto wangu mkononi."

"Nimempokea, mama," Ikram akasema, na alisema kwa moyo mweupe.

Sharti likafuatwa. Wenzake Ashrafu walimcheka, wakamwita mtoto wa dada, lakini alipiga simu. "Dada, Mama Subira likoje?" Ikram anafungua ukurasa. "Jekundu hilo. Toka hapo." Anatoka, na mwenye duara anamtukana, naye anakwenda kutafuta kazi kwingine. Siku moja duara alilolikataa liliporomoka kweli, kwa bahati bila mtu ndani. Habari zilipofika Mugumu Bi Maua alisali rakaa za shukrani, kisha akamwita Ikram amtungie uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yamechoka, akamwambia huku akimtazama: "Baba yako angekuona." Ikram alilala na maneno hayo kifuani kama mtu aliyepewa zawadi.

Na ile rangi ya kuanzia ilikuwa bado kijani.

Ashrafu alipiga asubuhi moja ya Jumatano, kelele za pampu na za watu zikisikika nyuma yake. Ikram alikuwa akipaka plastiki cheti cha kuzaliwa cha mteja.

"Dada, nimeitwa huku upande wa mtoni, sijawahi kufika. Duara linaitwa Karibu Tena. Maji yamejaa, pampu imezima. Likoje?"

Ikram akaacha cheti cha watu ndani ya mashine, akafungua ukurasa. Karibu Tena. Mmiliki, Mwikwabe. Kijani.

"Kijani. Salama."

"Una hakika? Kuna mzee mmoja hapa nimemuuliza kama shimo ni zuri, ananitazama tu hasemi kitu. Wote wamenyamaza."

"Ashrafu." Mteja alikuwa akigonga meza kwa kidole, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imeanza kutoka. "Kwani nani katengeneza hiyo tovuti? Shuka, umalize, urudi. Mama kapika pilau."

Ashrafu akacheka. "Sawa, bosi," akasema, akakata.

Ukuta wa duara lile ulikatika kabla ya adhuhuri. Walimchimba hadi kesho yake. Wachimbaji wana ubaya wao, wanalewa na kupigana na kuibiana mawe, lakini kwa mtu aliyefukiwa hawapumziki, na hawakupumzika. Walimtoa akiwa bado ameshika spana. Akaletwa Mugumu akaoshwa, akasaliwa, akazikwa siku hiyohiyo, na Bi Maua hakutoa sauti. Watu walisema amejikaza. Hakuwa amejikaza, alikuwa amekauka.

Nyangi alikuja msibani siku ya pili, amejifunga kanga mbili, macho yamevimba. Alimpigia Bi Maua magoti, "Shikamoo mama," akaitikiwa kwa kichwa. Kisha akamtafuta Ikram nyuma ya jiko, palipokuwa na masufuria ya kuazima.

"Dada, lazima nikwambie," akasema. "Karibu Tena ndilo lile Simba Mzee."

Ikram alilijua Simba Mzee. Lilikuwa limeua mtu mwanzoni mwa mvua, mkaguzi akalifunga, na kwa muda mrefu lilikuwa jekundu kwenye ukurasa wake. Alikuwa hajagundua kwamba halipo tena.

"Unajua huku kwetu," Nyangi akaendelea. "Duara likishaua, jina lake halitamkwi tena, hata ukiulizwa ukiwa umesimama mdomoni mwake. Unaliita, linakuitikia. Mwikwabe kachinja mbuzi, kalipa jina jipya, kaja ofisini niliweke. Sasa dada, ningelifuta jina la Simba Mzee nikaandika hilo jipya palepale juu yake? Juu ya mauti? Hakuna mtu wa kwetu anayefanya hivyo, ni kuyakaribisha mauti yaleyale. Nikakumbuka ulivyonifundisha. Nikaifuta bloku yote, nikaanza na mpya isiyo na kinyongo. Nikaandika jina, nikahifadhi. Rangi sikuigusa. Ulinikataza, dada. Si ulinikataza?"

"Nilikukataza," Ikram akasema.

Alitafuta mahali pa kumshika Nyangi na kosa, akakosa. Angefurahi kupapata. Nyangi alikuwa amefuata kila neno, kwa adabu ya mwanafunzi mwema. Habari ya majina Ikram aliijua pia. Amekulia huku, tangu rashi, hizi mbio za dhahabu, ianze amesikia maduara yakibatizwa upya kila mwezi. Alidhani tu kwamba mtu atabadilisha jina ndani ya bloku ileile na wekundu utabaki palepale. Hakujiuliza mkono wa mtu wa hapa unafanyaje na jina la mauti. Na hata bila kujiuliza, kama asingefuta lile neno moja, Karibu Tena lingekaa pale kijivu, limeandikwa Halijakaguliwa, naye angemwambia Ashrafu toka hapo, na Ashrafu angekuja kula pilau.

Aliona chuki ikimpanda. Alimchukia Nyangwine na kiti chake, akamchukia Mwikwabe na mbuzi wake, akamchukia yule mzee aliyenyamaza mdomoni mwa shimo. Lakini chuki zote hizo zilipita tu, zikaja kutua kwake mwenyewe, zikakaa.

Wageni walipopungua Bi Maua alimwita chumbani.

"Asubuhi ile alikupigia?"

"Alinipigia, mama."

"Simu yako ilisema nini?"

"Ilisema kijani."

"Nani aliiambia iseme kijani?"

Ikram angeweza kueleza. Angeweza kutaja wageni wakubwa, Nyangwine na mila za wachimbaji, na mama yake asingeelewa nusu yake. "Mimi," akasema.

Bi Maua hakumpiga wala hakumtukana. Alijifunika upya kanga kichwani, akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hakumlaumu hata kwa neno moja. Alirudi kwenye cherehani yake arobaini ilipopita, na uzi ulipomtoka kwenye sindano alimsubiri mpita njia, mwanafunzi, muuza karanga, yeyote, amwombe amtungie. Ikram alikuwa amekaa hatua chache tu pembeni yake.

Lililobaki lilikuwa kulirudisha lile neno. Ikram alifungua kompyuta, akaandika nywila yake, ikakataliwa. Akaandika tena. Ikakataliwa. Ndipo alipopanda pikipiki kwenda mlimani.

Nyangwine alimpokea kwa mikono miwili. Alimpa pole ndefu yenye Mungu ndani mara nyingi, akaagiza soda, akamfungulia mwenyewe.

"Mzee, sikuja kudai chochote," Ikram akasema. "Nipe nywila nibadilishe neno moja tu. Rangi ya kuanzia iwe kijivu. Nikimaliza naondoka, hutaniona tena."

"Hilo tumelizungumza kwenye kamati." Nyangwine akashusha sauti, sauti ya mtu anayekutakia mema. "Sasa fikiri, binti. Tukibadilisha leo, si ni kukiri kwamba jana kulikuwa na kosa? Watu watauliza kosa la nani. Watauliza, nani kaitengeneza hii tovuti?"

"Wewe ndiye uliyetaka kijani."

"Kuna mahali nimeandika? Mimi ni mtu wa ng'ombe, binti, hayo mambo ya bloku nitayajulia wapi? Nilikupa kazi, ukaifanya." Akamsogezea soda karibu. "Na kwa kukuhurumia, kwa msiba huu ulionao, jina lako pale chini nimeagiza litolewe. Nimemtafuta kijana Musoma, ameshalitoa. Usije ukasumbuliwa. Unywe, itapoa gesi."

Ikram hakuinywa. Akiwa mlangoni alimwona Nyangi kwenye dawati lake, ameinamisha kichwa. Mwikwabe alikuwa amesimama mbele yake na kofia mkononi, akimtamkia kitu herufi kwa herufi, na Nyangi alikuwa akiandika.

Alikwenda wilayani akaeleza, akaambiwa malalamiko yake yamepokelewa. Akaandika kwenye makundi ya WhatsApp ya wachimbaji kwamba rangi zile zisiaminiwe. Wakamjibu kwamba ana uchungu kwa sababu kazi kapewa kijana wa Musoma. Mmoja akamwandikia, pole dada kwa msiba, lakini usituharibie mlima wetu. Kisha wakamtoa kundini.

Miezi imepita. Kibanda kipo palepale, na kazi za watu anazifanya, nakala, picha, plastiki. Tovuti hatengenezi tena. Walikuja vijana wa Morotonga waliotaka awafundishe bloku, awape walau dondoo za kuanzia. Akawaambia hajui kitu.

Juzi aliingia mwanamume mmoja mrefu, mgeni, begani ana begi na godoro jembamba lililokunjwa na kufungwa kamba. Alitaka nakala ya kitambulisho. Ikram alipokuwa akiitoa, mgeni akasema anaelekea mlimani, na kwamba amesikia kuna ukurasa unaoonyesha maduara yaliyo salama.

"Simu yangu bando limekata, dada. Nifungulie kwenye hiyo kompyuta yako nichungulie tu. Nina watoto nyumbani, sitaki kushuka shimo kama kipofu."

Ikram alisita, kisha akafungua. Hakuwa ameufungua ukurasa ule tangu alipotoka kwa Nyangwine. Ulifunguka harakaharaka, safi, kama alivyouacha, na duara la kwanza kabisa liliitwa Mwanzo Mwema. Mmiliki, Mwikwabe. Kijani.

"Hilo usiende," akasema. "Hilo ndilo lililomuua mdogo wangu. Wamelibadilisha jina. Kabla ya hapo lilimuua mwingine."

Mgeni akamtazama kwa huruma ya kweli. Kisha akainama kuitazama skrini.

"Pole sana, dada. Lakini hapa pameandikwa salama."

"Panadanganya. Najua kwa sababu ukurasa huo niliutengeneza mimi. Likiingizwa duara jipya lolote linatokea kijani, hata kama hakuna aliyelikagua. Ni mimi niliyeuweka hivyo."

Mgeni alizungusha macho kibandani, akaona mashine ya nakala iliyofungwa kwa utepe, rundo la karatasi zilizoharibika, pazia la picha za pasipoti lenye doa. Akashuka mpaka mwisho wa ukurasa, taratibu, akitafuta. Hapakuwa na jina la mtu. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mfiwa anayeanza kuongea ovyo.

"Mungu akutie nguvu," akasema. "Walioutengeneza huu wanajua kazi yao, dada. Tazama ulivyopangika."

Nje, cherehani ya Bi Maua ilinyamaza. Alikuwa amesikia yote. Ikram aligeuka kumtazama, akitumaini angalau neno moja, angalau aseme ndiyo, ni yeye, binti yangu ndiye aliyeutengeneza.

Mgeni alitoa simu yake, akaisogeza karibu na skrini, akalipiga picha lile duara la kijani ili asilisahau jina. Akalipa, akaaga, akapitia kwa Bi Maua akiwa na godoro lake. Bi Maua akamnyooshea sindano na uzi. Mgeni akaweka begi chini, akamtungia, naye akamshukuru, akaanza tena kushona.